Kabla hujalipia gesti ya ufukweni na familia, uliza kwanza maji yanajaa saa ngapi

Wazazi wenzangu, wengi wetu tukitafuta gesti ya ufukweni tunaangalia picha tu, kitanda kizuri, dirisha linaangalia bahari, tunalipa. Mimi nilifanya hivyohivyo mara ya kwanza nikiwa na watoto watatu, tukafika saa tisa mchana, watoto wamevaa nguo za kuogelea tangu kwenye gari, tukakuta bahari haipo. Maji yamekupwa hadi kule mbali, mbele yetu tope na mawe na mwani. Yule mdogo alisimama pale na ndoo yake mkononi akaniuliza maji wameyapeleka wapi. Kesho yake tukatoka asubuhi kwenda matembezini tukijua jioni ndo muda wa kuogelea, tukakuta hali ileile, na siku ya kuondoka ndo mhudumu mmoja akaniambia kwa upole kwamba maji yalikuwa yanajaa asubuhi, saa zilezile tulizokuwa hatupo.

Kwa hiyo hili ndo la kwanza. Sehemu nyingi maji yanajaa mara 2 na kupwa mara 2 kwa siku, kutoka kujaa mpaka kupwa ni kama saa 6 na dakika kidogo, na kila siku yanachelewa karibu dakika 50. Maana yake kama leo yamejaa saa nne asubuhi, kesho itakuwa karibu saa tano, na ukienda wiki ijayo muda uleule utayakuta yamekupwa. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ndo bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana, na katikati hapo mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hayaendi mbali. Kuna bahari ambazo maji hayasogei sana, hizo hazina shida hii, ila usikisie, uliza. Jedwali la maji kujaa na kupwa linapatikana kwenye intaneti kwa sehemu nyingi, chukua tarehe zako uangalie, alafu panga siku yenu kwa kufuata maji, chakula na usingizi wa mchana vitajipanga vyenyewe hapo katikati.

Ukipiga simu kubuku (na piga simu kweli, usiishie kwenye meseji) omba kuongea na mtu aliyepo palepale gestini, alafu muulize maji yakijaa ufukwe unabaki au yanagonga ukuta, maana kuna sehemu mchanga unapotea kabisa kwa saa kadhaa na watoto hawana pa kuchezea. Muulize chini kuna mchanga mtupu au mawe na matumbawe. Kuna mwokoaji, anakaa mpaka saa ngapi? Geti la kwenda baharini linafungwa usiku? Maji ya bomba yana chumvi? Na "chumba cha familia" maana yake nini hasa, kwa sababu wakati mwingine ni chumba kilekile cha watu 2 wakakuongezea godoro chini. Tofautisha pia chumba kilicho mbele ya bahari na kile ambacho bahari unaiona kwa mbali ukisimama kwenye kona ya balkoni, bei inaweza kukaribiana lakini si kitu kimoja.

Mkifika msikimbilie maji. Nipe dakika 10 za chumba. Mimi huwa napiga magoti kabisa natembea urefu wa mtoto, naona anavyoona yeye, soketi, pembe za meza, kamba ya pazia. Balkoni ndo naiogopa zaidi. Viti na meza ndogo viko palepale pembeni ya kizuizi, mtoto wa miaka 3 anapanda kiti hicho kwa sekunde chache tu, kwa hiyo viti vyote naingiza ndani. Nafasi kati ya nondo ikizidi sentimita 10 hivi mtoto mdogo anaweza kupenya, na kama ni hivyo omba chumba cha chini bila kuona aibu. Chumba cha chini nacho kina lake, mlango ukifunguka tu mtoto yuko njia ya baharini, angalia kama kuna kitasa cha juu asichofikia.

Sasa maji yenyewe. Watu wanadhani mtoto anayezama atapiga kelele na kurusha mikono, mara nyingi hapigi, anakuwa kimya kabisa na mdomo uko usawa wa maji, unaweza kuwa umekaa hatua chache tu usijue. Na kwenye kundi kubwa ndo hatari zaidi maana kila mtu anajua mwenzie anaangalia. Sisi tuna kofia moja nyekundu, aliyeivaa ndo zamu yake, hashiki simu, hasomi, hapigi stori, macho kwa watoto tu, na baada ya dakika 20 anamvalisha mwingine kwa mkono wake, anamwambia "zamu yako". Wadogo wasiojua kuogelea yeye anakuwa nao majini, karibu kiasi cha kuwashika mkono. Nguo za kuogelea nunua za rangi kali kama machungwa au pinki inayowaka, bluu na nyeupe zinapotea ndani ya maji. Maboya ya kupulizia ya kuchezea usiyategemee, upepo ukitoka nchi kavu yanasukumwa mbali haraka kuliko unavyoogelea.

Kama kuna bendera, nyekundu na njano ni eneo linalolindwa, ogeleeni katikati ya bendera hizo 2, nyekundu peke yake msiingie. Wafundishe wakubwa kuutambua mkondo unaovuta kwenda ndani: ni ile sehemu inayoonekana imetulia katikati ya mawimbi, povu na takataka zinaelekea baharini badala ya kuja kwenu. Watoto huvutiwa na pale kwa sababu panaonekana shwari. Ukikushika usipigane nao kurudi moja kwa moja, utachoka, ogelea pembeni sambamba na ufukwe mpaka uachwe, ukishindwa elea tu na unyooshe mkono uite.

Jua ni kali zaidi kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni, hata kukiwa na mawingu, na mchanga nao unalirudisha juu, kwa hiyo kukaa chini ya mwavuli hakutoshi. Losheni ya jua ya SPF 30 au zaidi (hicho ni kipimo cha kinga, kimeandikwa kwenye chupa), paka kabla ya kutoka, rudia kila baada ya saa 2 na kila mkitoka majini, msisahau masikio na juu ya nyayo. Mtoto wa chini ya miezi 6 akae kivulini na nguo nyepesi tu, losheni si tegemeo lake.

Viatu vya majini vinaokoa sana kwenye mawe. Konyeza, yule mnyama wa baharini laini kama utelezi mwenye nyuzi zinazochoma, akimchoma mtoto, mtoe majini, usisugue na taulo wala mchanga, toa nyuzi zilizobaki kwa kibano, alafu waulize wenyeji au mwokoaji maana dawa inategemea ni konyeza gani. Akivimba uso, akipumua kwa shida au akilegea ni hospitali moja kwa moja.

Mchanga utawafuata mpaka kitandani, ukubali. Ila beseni la maji mlangoni na taulo moja la miguu tu linapunguza sana, na wale wadogo wakikauka wapake unga laini wa wanga wa mahindi (cornflour, siyo ule wa ugali) kwenye mapaja na shingoni, mchanga unadondoka wenyewe bila kusugua ngozi iliyochubuka. Suuza nguo za kuogelea kwa maji baridi kila jioni na uzianike mapema, hewa ya bahari ina unyevu, ukianika usiku asubuhi utazikuta bado mbichi. Simu na kamera zikae kwenye mfuko wa plastiki, chumvi ikiingia kwenye tundu la chaji si rahisi kuitoa.

Siku ya kuondoka uliza usiku uliotangulia kama mtaruhusiwa kutumia bafu la nje baada ya kurudisha funguo, wengi wanakubali. Alafu nguo kavu seti moja kwa kila mtu ziwe juu kabisa ya begi, siyo chini, kwa sababu watoto watataka kuingia majini mara ya mwisho, na kama jedwali linasema yamejaa, waache waingie.