Kupandisha toleo la programu ya watu ndani ya FreeBSD bila kupoteza pachi zako

Habari wakuu. Hii ni kwa wanaotunza kwa git nakala yao ya msimbo wa FreeBSD (mfumo endeshi wa jamii ya Unix) na kila wakipandisha toleo la kitu fulani wanakuta marekebisho yao yamefutika. Mimi ilishanikuta, nikakaa wikiendi nzima natafuta pachi niliyoandika mwenyewe, na chanzo kilikuwa kimoja tu, msimbo wa wenyewe (walioiandika programu) na wa kwangu niliuchanganya.

Kwanza jua nini kinakaa wapi. Ndani ya /usr/src, programu za watu wa nje ziko contrib, za kernel (kiini cha mfumo) ziko sys/contrib, OpenSSH na OpenSSL ziko crypto. Ports, zile programu za ziada unazoongeza juu ya mfumo, ni habari nyingine, leo sizigusi.

Hatua ya 1: andaa tawi la vendor

Kila programu ina tawi lake la git. Tuchukue less, ile programu ya kusomea maandishi kwenye terminal, tawi lake ni vendor/less, na humo kinakaa kile walichotoa wenyewe tu, hata nukta yako isiingie. Hapa ndo wengi wanapoharibu, mtu anaona kosa dogo analirekebisha humohumo, basi kuanzia hapo hujui tena kipi chao kipi chako.

git worktree add ../less-vendor vendor/less

Shusha toleo jipya, hakiki sahihi yake ya kidijitali kwa gpg, lifungue pembeni, afu:

rsync -a --del --exclude=.git ~/less-mpya/ ../less-vendor/

Hiyo --del usiiache, bila hiyo mafaili ambayo wenyewe walishayaondoa yatabaki kwako miaka. Ingia ../less-vendor, piga git add -A, halafu git diff --staged na uisome kweli, usipitishe macho tu. Ukiridhika komiti, weka tagi yenye namba ya toleo.

Hatua ya 2: unganisha

Rudi kwenye main, yaani tawi kuu:

git subtree merge -P contrib/less vendor/less

Ikitokea migongano (mahali wao na wewe mmebadilisha mistari ileile) itatue taratibu, mara nyingi iko palepale ulipoweka pachi zako. Ukimaliza:

git diff vendor/less HEAD:contrib/less

Hii amri naipenda sana maana inakuonyesha marekebisho yako yote na hakuna kingine. Ikileta mstari usioutambua, simama hapohapo utafute umetoka wapi.

Hatua ya 3: Makefile ni yako

Usitumie configure yao, ile skripti ya kuandaa ujenzi. Makefile ya less iko usr.bin/less pamoja na defines.h yake, yenyewe inachungulia tu mafaili kule contrib. Kama toleo jipya limeongeza faili la .c, liongeze kwenye Makefile, kisha piga make buildworld ujenge mfumo upya.

Watu wanaona huu ni usumbufu ila kumbuka yaliyotokea kwenye xz, programu ya kubana mafaili, Machi 2024. Matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 yalikuwa na mlango wa nyuma, na sehemu ya kuuwasha ilijificha kwenye skripti za ujenzi ndani ya tarball (furushi la msimbo wanalotoa kwa kila toleo), kwenye git yao haikuwepo. FreeBSD walikuwa wameshaingiza 5.6.0 kwenye main, lakini vipande vile vibaya havikuingizwa na ujenzi wao hautumii skripti za xz. Shambulio lenyewe liliilenga Linux, sawa, ila mimi tangu siku hiyo kila kisichohitajika kujenga nakiacha nje, na orodha yake naiandika kwenye faili la FREEBSD-Xlist ili atakayekuja baada yangu ajue.

Hatua ya 4: kusukuma

Kama main imesogea kabla hujasukuma, usipige git pull --rebase, itaivuruga ile komiti ya kuunganisha. Rudisha main yako ilingane na ya seva, afu rudia hatua ya 2, ni dakika chache tu.

Na pachi zako watumie wenye programu. Wakizipokea, toleo lijalo ile git diff itakuwa fupi zaidi na migongano itapungua.