Namna ya kulisoma Al-Inkishafi kama safari ya nafsi

Msomaji anayelifungua shairi la Al-Inkishafi kwa mara ya kwanza, akiwa amekwisha kuambiwa kwamba humo mna safari ya nafsi kutoka katika dhambi kuelekea wokovu, huenda akalifunga tena kwa mashaka, kwa sababu hamwoni msafiri. Dante, mshairi wa Florence aliyetunga Divina Commedia, alianzia msituni, akashuka motoni, akaupanda mlima wa toba na kuishia mbinguni, na msomaji wake anaweza kuzihesabu hatua zake kama anayefuata nyayo mchangani. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, mji wa kisiwani karibu na Lamu, aliyeishi takriban kati ya mwaka 1720 na 1820, hakutunga hivyo. Yeye amekaa na moyo wake na kuusemeza, na katika kusemezana huko vinavyobadilika ni vitu vilivyouzunguka moyo: taa zinazimika, kuta zinabomoka, na waliolala juu ya vitanda vya fahari wanalala chini ya udongo. Maelekezo haya yamekusudiwa mtu anayetaka kulisoma shairi hilo mwenyewe, ubeti kwa ubeti, bila ya mwalimu kando yake.

Kazi ya kwanza ni kupata toleo linalosomeka. Shairi liliandikwa kwa hati za Kiarabu, likanakiliwa na mikono mingi, na kwa hiyo idadi na mpangilio wa beti haulingani katika matoleo yote. Usishangae ukiona namba za beti zinapishana. Toleo la William Hichens la mwaka 1939 ndilo lililolisambaza shairi hili nje ya pwani, lakini kwa msomaji wa Kiswahili ningependekeza kitabu cha Tenzi Tatu za Kale, kilichohaririwa na M. M. Mulokozi na kuchapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) mwaka 1999, kwa kuwa maelezo yake yako katika lugha ileile ya shairi, naye msomaji halazimiki kupitia lugha ya watu wengine ili afike kwake mwenyewe.

Lugha yake ni ya kaskazini, ya Pate na Lamu, na watu wengi hukata tamaa hapa kabla ya wakati. Ugumu huo ni mdogo kuliko unavyoonekana. Penye *nd* jaribu kuweka *nj*, na *ndia* itakuwa njia. Penye *t* jaribu *ch*, na *mato* yatakuwa macho. *Zisahani* ni visahani, *yua* ni jua, *mai* ni maji, *kievu* ni kidevu, na *kula* mara nyingi ni kila. Ukiandika mabadiliko hayo machache kwenye karatasi na kuiweka ndani ya kitabu, karibu nusu ya maneno yaliyokutisha yatakuwa ya nyumbani. Maneno ya Kiarabu yanayobaki yatafute katika kamusi, na usiyapite kwa kubahatisha, kwa maana mshairi huyu hakutia neno la Kiarabu kwa ajili ya pambo tu.

Kisha soma kwa sauti huku ukihesabu mizani, yaani silabi. Huu hapa ni ubeti mmoja mashuhuri, unaowaeleza matajiri wa Pate walipokuwa hai:

Nyumba zao mbake zikinawiri
kwa taa za kowa na za sufuri,
masiku yakele kama nahari,
haiba na jaha iwazingiye.

Kila mshororo una mizani 11, nao unapumua baada ya mizani ya sita, hivyo kwamba unasoma sita, unatua kidogo, kisha unamaliza tano. Mishororo mitatu ya mwanzo ina kina kimoja, na wa nne unaishia kwa *ye*, silabi ambayo inarudi mwishoni mwa kila ubeti na ambayo wajuzi wa tenzi huiita kina cha bahari. Kowa ni kioo safi, sufuri ni shaba, nahari ni mchana, na *yakele* ni kitenzi cha kukaa katika hali yake ya kale: usiku wao ulikaa kama mchana kwa wingi wa mwanga. Mshororo wa nne ndio unaostahili kusikilizwa kwa makini zaidi. *Iwazingiye* maana yake ni kwamba haiba na jaha vimekwisha kuwazingira. Ile *-iye* ni alama ya kale ya jambo lililokwisha kutendeka na ambalo hali yake imebaki, na ingawa si kila *ye* ya shairi hili ni ya aina hiyo, zilizo za aina hiyo ni nyingi kiasi cha kuufundisha mdomo jambo ambalo akili bado haijaligundua, kwamba kila ubeti unatua mahali ambapo mambo yamekwisha kupita. Anayesoma kimyakimya hulikosa hili kabisa.

Ukiisha kuizoea sauti, jiulize ni nani anayesema na nani anayesemwa. Baada ya hamdu, sala kwa Mtume na maelezo ya nia yake, mshairi anaugeukia moyo na kuanza kuuhoji: *Moyo wangu nini huitabiri*, yaani, kwa nini huzingatii? Katika mafunzo ya Kiislamu, ambayo mshairi alilelewa ndani yake, nafsi hutajwa kwa hali tatu zinazotoka katika Qur'ani. Ipo inayoamrisha maovu, iliyotajwa katika Sura Yusuf aya ya 53. Ipo inayojilaumu, iliyoapiwa katika Sura al-Qiyama aya ya 2. Na ipo iliyotulia, inayoitwa irudi kwa Mola wake katika Sura al-Fajr aya ya 27 na 28. Wengi huzisoma hali hizo kama vituo vitatu vya njia moja. Ukiishika ramani hiyo mkononi, utaona kwamba Al-Inkishafi, kutoka pale moyo unapoanza kuhojiwa, linatokea lote katika kituo cha pili. Nafsi iliyoamrisha maovu ingali inasikika, kwa sababu moyo unaendelea kuipenda dunia; iliyotulia hatuonyeshwi. Tunachopewa ni mtu anayejilaumu mwenyewe, na anajilaumu kwa muda mrefu, kwa hila zote za mtu anayebembeleza.

Nasema anabembeleza kwa sababu ipo sehemu ambapo mshairi anauambia moyo, *Hiki, ewe moyo, kievu changu*. Msomaji wa leo anaweza kuupita mshororo huo bila kuona kitu, lakini mtu mzima anayejishika ndevu mbele ya mwenziwe na kumwomba amefika mwisho wa heshima yake, hana tena cha kuweka rehani. Hapo mzee anamwomba moyo wake mwenyewe kama anavyoombwa mtu mkaidi wa ukoo. Mara baada ya hapo analalamika kwamba moyo unauza akhera yake kwa ulimwengu. Zingatia kitenzi hicho cha kuuza. Pate ulikuwa mji wa biashara, na maneno ya sokoni, uuzaji, hasara na deni, yanapita katika shairi zima. Dhambi hapa haielezwi sana kama uchafu wa kuoshwa bali kama mapatano mabaya ambayo mfanyabiashara mwerevu angeyaona tangu mbali.

Sasa uko tayari kwa mafumbo ya dunia, na hapa usiwe na haraka. Dunia inaitwa bahari iliyochafuka, yenye matumbawe, na anayeipanda hupata kila hasara. Kisha ni kama kisima kisicho na ukingo, chenye fahali aliyewekwa hapo, ambaye kila anayesogea humpiga pembe, asipate kamwe kuyanywa maji yake. Kisha ni vumbi linaloonekana katika mwale wa jua unaoingia ndani: anayejaribu kulikamata hufungua kiganja na kukuta hakushika kitu. Kisha ni mazigazi ya mchana, ambayo mwenye kiu huyaona kuwa ni maji. Mazoea ya darasani ni kuandika kando ya kila fumbo kwamba “dunia ni ya udanganyifu” na kuendelea. Fanya jambo jingine: katika kila fumbo mtafute mtu, halafu utazame anafanya nini. Mmoja anapanda chombo, mwingine anasogelea kisima, wa tatu ananyoosha mkono, wa nne anayakimbilia maji yasiyokuwepo. Kumbe wasafiri wamo, nao ni wengi, ila wote wanaelekea kubaya. Katika shairi hili mwendo ni wa dhambi, na jambo ambalo moyo unaombwa kwa ndevu ni kusimama na kugeuka. Neno toba lenyewe, katika Kiarabu lilikotoka, lina maana ya kurejea. Hapo ndipo utaona kwa nini hapana barabara ya kufuata: anayerejea hahitaji nchi mpya.

Fumbo la roho kuwa taa katika upepo, na la moto mkali wa kichakani unaozimwa na wingu la mvua, yasome kwa namna hiyohiyo. Nabii Suleimani, mfalme wa watu na majini, anatajwa kwa ufupi tu: ikiwa hata yeye dunia ilimtoka, sembuse mwingine?

Sehemu ya majumba ya Pate ndiyo inayopendwa kuliko zote na ndiyo inayosomwa vibaya kuliko zote. Chukua karatasi uigawe kwa mstari katikati. Upande mmoja andika vitu vya wakati wa neema kadiri unavyovikuta: taa, vyombo vya sini vilivyoteuliwa, vitanda vya fahari, watumishi, kumbi zenye watu. Upande wa pili andika kilichokaa mahali pa kila kimoja. Madaka, yaani zile shubaka za ukutani zilizopangwa visahani, sasa wamelala humo makinda ya ndege. Katika kumbi wanalia ngende, yaani nyenje, na ndani ya nyumba wanavuma mende. Waliotandikiwa mazulia wanalala katika nafasi ya shubiri moja, bila zulia wala godoro. Utagundua kwamba mshairi hakuuacha mji mtupu. Kila nafasi imepata mpangaji mpya, na wapangaji hao hawajui kwamba waliokuwapo walikuwa watu wakubwa. Aliyewahi kuona madaka ya nyumba kongwe za Lamu, yaliyochongwa kwa chokaa safu juu ya safu, atajua jinsi kiota kimoja tu kinavyoweza kuivunja fahari hiyo yote.

Kuna makosa mawili ya kuepuka hapa. La kwanza ni kulifanya shairi kuwa historia ya Pate tu. Ni kweli kwamba mji huo wa ukoo wa Nabahani ulikuwa umeporomoka, na kwamba vita vya Shela vya mwaka 1812 au 1813 viliuvunja nguvu mbele ya Lamu. Ni kweli pia kwamba katika magofu yake leo watu hulima tumbaku. Historia hiyo inafaa uijue, kwa sababu mshairi hakubuni magofu, aliyaona. Lakini anayaleta mbele ya moyo kama ushahidi, naye anauambia moyo kwamba ukikanusha, basi uende kwenye nyumba hizo uzitazame, uite, na hutaitikiwa ila na mwangwi. Kosa la pili ni kinyume chake: kutaka kila mende na kila bundi awe na maana yake ya siri. Nimekutana na wasomaji hodari waliopotea kabisa katika kazi hiyo. Mende ni mende. Kinachobeba maana ya ndani ni nyumba kwa jumla, kwa kuwa mwili, nyumba na mji vinasimuliwa kwa mfuatano ule ule, vinapambwa, vinatelekezwa, vinaliwa na wadudu, mpaka msomaji asiweze kuzitazama kuta bila kukumbuka mbavu zake.

Kabla ya kuingia katika beti za akhera, soma sura tatu fupi za Qur'ani kwa tafsiri ya Kiswahili: al-Qaria yenye aya 11, at-Takathur yenye aya 8, na al-Humaza yenye aya 9. Hawiya na Hutama, majina ya moto wa Jahanamu, utazikuta humo, na katika at-Takathur utakuta watu walioshughulishwa na kushindania wingi mpaka wakayazuru makaburi, jambo ambalo ni karibu muhtasari wa majumba ya Pate. Ukirudi kwenye shairi, usiishie kuogopa moto. Angalia kwanza siku ya hukumu, ambapo aliyedhulumiwa anamdai aliyemdhulumu, na malipo ni mema ya mtu. Moyo uliouza akhera kwa faida ya haraka umefika kwenye hesabu ambayo fedha ya Pate haipokelewi. Mwenye kulisoma shairi kwa mfuatano wa biashara ataona kwamba beti hizi zimekuwa zikiandaliwa tangu kwenye ile bahari ya hasara.

Ukimaliza, pumzika siku moja au mbili, kisha rudi kwenye beti za utangulizi ambazo pengine ulizipita upesi. Humo mshairi anasema anatunga shairi lake kama mtu anayetunga lulu katika uzi, na kwamba jina lake ni Inkishafi, kufunuka kwa kilichofunikwa, ili kiza cha ujinga kiondoke. Katika usomaji wa kwanza maneno hayo huonekana kama adabu ya ufunguzi. Katika usomaji wa pili soma kutoka hapo hadi *Moyo wangu nini huitabiri*, kwa sauti, ukitua baada ya mizani ya sita kama ulivyojizoeza, na usikilize neno *wangu* likitoka katika kinywa chako.