Mbona hapa pako wazi? Namna ya kupanga kipeperushi kisomeke

Mteja akisimama nyuma ya kiti changu, swali lake la kwanza huwa hilo. Anaweka kidole kwenye kioo cha kompyuta, juu ya sehemu nyeupe niliyoiacha makusudi, anasema: "Fundi, mbona hapa pako wazi? Weka hata ua." Nadizaini kwenye steshenari ndogo hapa Ngamiani, Tanga, na ua hilo nimeshaombwa kwenye kadi za harusi, matangazo ya tuisheni, menyu za chipsi, hata kwenye tangazo la arobaini. Namwelewa mteja. Amelipia karatasi nzima, kwa hiyo sehemu tupu anaiona kama kiwanja alichonunua kisha akakatazwa kujenga. Lakini uwazi ule ndio unaolibeba jina la biashara yake. Nitaeleza ninavyoupanga, kwa ajili ya anayejifunza kazi hii na kwa anayejitengenezea tangazo mwenyewe kwenye simu.

Kabla hujafungua programu yoyote, shika kalamu. Andika kila neno linalotakiwa kuingia. Mwaka jana mama mmoja anayeshona nguo alitaka kipeperushi cha A5. Alikuja na jina la duka, orodha ya vitu kumi na moja anavyoshona, namba tatu za simu, mahali alipo, bei, "karibuni nyote", na tarehe ya mwisho ya kupokea oda kabla shule hazijafunguliwa Januari. Nikamuuliza: "Mama, mzazi akiitazama karatasi hii mara moja tu, kisha akaitia mkobani, unataka akumbuke nini?" Alikaa kimya kidogo. Akasema, "Kwamba nashona sare, na mwisho wa kuleta ni tarehe 20 Desemba."

Nusu ya kazi ilikuwa imekwisha hapo. "Sare za shule" ikapata namba 1. Tarehe ikapata namba 2. Simu na mahali, namba 3. Mengine yote yakawa namba 4, na baadhi tuliyatoa kabisa, zikiwemo simu mbili, maana mzazi anapiga moja tu. Fanya hivyo hivyo kwa kila kazi, na usikubali namba 1 ziwe mbili. Mteja atakwambia vyote ni muhimu, na kwake ni kweli. Lakini hata barazani anayeanza kusema ni mmoja, wengine wanangoja zamu.

Sasa fungua ukurasa. A5 ni milimita 148 kwa 210. Kabla ya herufi yoyote, chora pindo, yaani ukanda mtupu unaozunguka ukurasa. Naliita pindo kwa sababu somo hili nililipata kwenye kanga kabla sijagusa kompyuta, nikimwangalia mama yangu akizikunja zake kitandani. Kanga ina pindo linaloizunguka pande zote nne, ina mji katikati, na ina jina, yale maneno yake. Angalia jina linavyokaa. Mji unaweza kujaa korosho na vidoti vya kila namna, lakini ndani ya kisanduku cha jina hakiingii kitu ila maneno. Ndiyo maana unaweza kulisoma ukiwa hatua kadhaa nyuma ya aliyeivaa, naye anatembea. Aliyeichora hakuhitaji herufi kubwa kupita kiasi, aliwaondoa majirani.

Kwenye A5 pindo langu ni milimita 12 hadi 15, na upande wa chini nauongeza ufike 18. Kitu kilichowekwa katikati kabisa ya karatasi huonekana kama kinateleza kwenda chini, na chini ndiko msomaji anakoshika kwa kidole gumba. Ndani ya pindo haliingii neno wala nembo. Ukibanwa na maneno, punguza maneno, usile pindo.

Kisha weka ngazi za herufi. Kwenye kile kipeperushi maneno ya kawaida yalikuwa pointi 10 (pointi ndicho kipimo cha ukubwa wa herufi kwenye kompyuta), tarehe pointi 20, na "Sare za shule" pointi 44. Kila ngazi imefika mara mbili ya iliyo chini yake, au imezidi. Anayeanza huogopa, anaweka 12, 14, 16. Tofauti ipo, lakini jicho halijui kama umekusudia au umekosea, kwa hiyo linaipuuza. Fonti moja, yaani mtindo mmoja wa herufi, inatosha, nyembamba na nene. Herufi kubwa tupu ziachie kichwa. Aya nzima ikiandikwa hivyo, maneno yote yanakuwa na kimo kimoja kama matofali, na msomaji anachoka haraka.

Kuhusu nafasi katikati ya vitu, nina kanuni moja ninayoirudia kila siku: walio wa nyumba moja wakae karibu, nyumba na nyumba ziachane. Simu na mahali ni nyumba moja, basi kati yao weka milimita 3. Kutoka hapo hadi orodha ya bei, weka 8 au 10. Kijana ninayemfundisha alikuwa akichora mstari na kisanduku kila mahali ili kutenganisha. Nikamwambia afute mistari yote, kisha asogeze vitu. Kazi ile ile ikasomeka bila mstari hata mmoja. Uwazi unaingia hata ndani ya namba: 0700000000 inabidi uihesabu kwa kidole, lakini 0700 000 000 unaitaja kwa pumzi moja unapopiga.

Rangi nitaipita haraka. Moja kali, na ipewe namba 1 peke yake. Ukiimwaga kila mahali, haiiti tena mtu yeyote.

Kuna kosa langu ambalo bado linaniuma. Kituo kimoja cha afya kilileta kazi ya tangazo la upimaji wa macho bure. Wadhamini walikuwa sita, na kila mmoja alitaka nembo yake ikuzwe. Nikazipanga juu zote, nikaweka picha, kisha kichwa, na tarehe nikaibana chini kwenye utepe mwekundu, pointi 9, kati ya anwani na barua pepe. Tulichapa rimu moja ya A4, yaani karatasi 500, zikawa nakala 1,000 zilipokatwa katikati. Siku mbili baada ya upimaji kwisha, bibi mmoja kutoka Pongwe aliingia steshenari na karatasi yangu mkononi. "Mwanangu, hao madaktari wa macho wako wapi?" Alikuwa haoni vizuri, ndiyo sababu ya safari yake, nami nilimwandikia siku kwa herufi ambazo hata mwenye macho mazima angezitafuta. Tangu siku ile, tarehe na saa kwenye kazi zangu haziteremki chini ya ngazi ya pili. Nembo za wadhamini zinakaa mstari mmoja chini, zote kimo kimoja, milimita 10, na mdhamini akilalamika namsimulia habari ya bibi yule.

Kwenye tangazo la msiba uwazi ni heshima. Picha, jina kamili, mazishi ni lini na wapi, basi. Usiweke waridi kila pembe. Familia mara nyingi huomba majina ya wafiwa wote, na hilo silikatai kamwe, maana mtu aliyeachwa kwenye orodha hasahau. Nayaweka kwa pointi 9, safu mbili, na mstari wa "baada ya swala ya Alasiri" nauacha peke yake, una nafasi juu na chini, kwa sababu mtu anausoma akiwa njiani.

Bango la barabarani linataka hesabu nyingine. Kanuni ya waandika mabango ni sentimita 2.5 za kimo cha herufi kwa kila mita 3 za umbali. Msomaji akiwa ng'ambo ya barabara, mita 12, herufi za kichwa ziwe sentimita 10. Nenda kapime umbali kwa hatua kabla hujadizaini. Bango la watu walio ndani ya daladala linabeba maneno matano au sita; mengine yatapita na gari.

Kabla ya kuchapa nafanya majaribio mawili. La kwanza, nasimama mbali na kioo, nafumba macho nusu mpaka herufi zinakuwa ukungu, natazama ni kipi bado kinasimama. Kikiwa si namba 1, narudi kitini. La pili, najitumia picha kwa WhatsApp na kuitazama kabla ya kuibonyeza, ikiwa bado ndogo, maana ndivyo watu wengi watakavyoiona kwenye magrupu.

Na yule mteja wa ua? Usibishane naye. Chapa nakala mbili, moja yenye ua na moja isiyo nalo, zibandike ukutani nje ya duka, kisha msimame pamoja upande wa pili wa barabara. Mwite mpita njia yeyote, muulize kila karatasi inauza nini. Mara nyingi mteja huchagua mwenyewe, wala sihitaji kusema neno. Siku nyingine anachagua ua. Hapo naliweka, dogo, nje ya nyumba ya namba 1.

Linabaki la mashine ya kukatia. Rangi ikifika ukingoni, iendeleze milimita 3 nje ya mstari wa kukata, la sivyo kisu kikihama kidogo utabaki na uzi mweupe pembeni. Chapa nakala moja kwanza, ikate, ibandike ukutani usiku, na uitazame asubuhi kabla hujafungua rimu.