Kutoa ukoko wa maji magumu kwenye birika la umeme (na pale nilipoboronga mwenyewe)

Juzi shemeji yangu alinipigia simu: birika lake la umeme linanguruma kama bisi zinakaangwa, na maji hayachemki upesi kama zamani. Alishaamua kulitupa. "Shemeji, ngoja kwanza. Lifunue uchungulie." Akaniambia chini ni kweupe tupu, ukigusa panakwaruza kama ganda la yai. Birika ni zima. Ni maji magumu hayo.

Hatua ya 1: Hakikisha

Tia maji ya bomba nusu chupa, kwangulia sabuni ya kipande kidogo, tikisa. Povu likigoma na maji yakawa na utando kama maziwa yaliyokatika, ni magumu. Usipime kwa sabuni ya unga, itakudanganya, kwa sababu nyingi hutoa povu hata kwenye maji magumu.

Ugumu ni madini ya kalsiamu na magnesiamu yaliyoyeyuka ndani ya maji. Yakizidi miligramu 180 kwa lita, yakipimwa kama kalsiamu kaboneti, maji huitwa magumu sana. Kunywa unakunywa bila wasiwasi. Balaa huanza yakipashwa moto: kalsiamu iliyokuwa imeyeyuka inageuka chokaa na kuganda palepale penye joto, yaani kwenye koili. Chokaa hiyo inazuia joto lisifike kwenye maji, umeme unaliwa bure, na mwisho koili yenyewe inaungua.

Hatua ya 2: Chagua asidi

Siki inafanya kazi, ila mimi siipendi. Nyumba nzima inanuka, na raba za vifaa hazidumu ukiitumia kila mara. Ndimu nazo zina asidi nzuri, lakini utakamua mpaka mkono ufe ganzi. Nunua asidi ya sitriki ya unga, umalize. Birika likiwa la alumini, acha kabisa, asidi itakula chuma chenyewe. Kisu na stiliwaya viweke mbali. Na kamwe usichanganye asidi yoyote na dawa ya klorini ya kung'arisha nguo: hutoa gesi ya sumu.

Hatua ya 3: Loweka, USICHEMSHE

Hapa ndipo nilipopoteza Jumamosi nzima.

Mara ya kwanza nilijiambia moto huharakisha kila kitu. Nikatia asidi, nikawasha. Povu likapanda, likatokea mdomoni, likamwagikia kitako cha umeme. Nikafuta, nikawasha tena. Ukoko wa zamani ukaanza kutoka kweli, lakini mahali pake pakaja unga mweupe laini, umeng'ang'ania kuta kama uji uliokauka. Nikaongeza asidi, nikachemsha. Unga ukazidi. Kufika jioni birika lilikuwa baya kuliko asubuhi.

Sababu niliijua baadaye. Asidi ya sitriki ikikutana na kalsiamu nyingi hutengeneza chumvi nyingine, kalsiamu sitrati, na hiyo ni kinyume cha sukari: maji yakizidi kuwa moto, yenyewe inazidi kugoma kuyeyuka. Kilichoniokoa ni kumwaga vyote, kutia maji baridi na asidi mpya, na kwenda kulala. Asubuhi unga ulitoka kwa sponji.

Kwa hiyo: chomoa waya. Maji yawe ya uvuguvugu, unayoweza kutia mkono. Vijiko viwili vya chakula vya asidi kwa lita moja, mimina mpaka ukoko ufunikwe. Utasikia yanachachatika kama soda. Ni hewa ya kaboni inatoka. Acha nusu saa.

Mchachatiko ukikoma usishangilie mapema. Ama ukoko umekwisha, ama asidi ndiyo imekwisha. Chungulia. Kama bado kweupe, mwaga yote utie mchanganyiko mpya. Usiongezee asidi juu ya maji ya zamani, yameshajaa kalsiamu. Kichujio cha mdomoni kitoe ukiloweke kwenye kikombe. Birika lenyewe usilizamishe kwenye beseni.

Hatua ya 4: Suuza

Chemsha maji matupu mara moja, mwaga.

Hatua ya 5: Vifaa vingine

Mashine ya kufulia: gramu 100 za asidi ndani ya pipa tupu, bila sabuni, nyuzi 40. Si 90, unajua kwa nini. Shawa iliyoziba: mfuko wa plastiki wenye mchanganyiko uleule, ufunge kwa mpira, uache usiku kucha. Pasi ya mvuke fuata karatasi yake, maana kuna zisizotaka asidi kabisa.

Hatua ya 6: Isirudi haraka

Maji yaliyobaki usiyalaze kwenye birika. Loweka tena ukoko ukiwa bado mwembamba, dakika kumi zinatosha.

Shemeji alishanunua kichujio cha mkaa ili kumaliza tatizo. Ladha ya maji imependeza, ukoko uko palepale, kwa sababu mkaa hauondoi kalsiamu. Kinachoiondoa ni mtambo wenye punje zinazoibadilisha kwa sodiamu, nao huo hudai kutiliwa chumvi kila mara. Nimemwambia abaki na unga wake wa sitriki.