Kabla hujaivalisha MGB madigadi ya faiba

Mwaka 1968, kwenye mbio za saa 12 za Sebring kule Florida, Paddy Hopkirk na Andrew Hedges walishika nafasi ya 10 wakiendesha MGC GTS, ndugu ya MGB ya mashindano, iliyoandaliwa Abingdon, Uingereza. Madigadi yake yaliyotuna yalikuwa ya alumini, na umbo hilo ndilo linaloigwa hadi leo na seti za faiba ambazo wenye MGB, gari dogo la michezo la Kiingereza, huzinunua kwa jina la Sebring. Umbo lenyewe nalipenda mno. Ila anayelipia seti hiyo ajue kwamba amenunua ngozi tu. Kinachobeba gari ni chuma kitakachofunikwa na ngozi hiyo, kwa hiyo kazi ya kwanza ni kukikagua chuma hicho, pesa zikiwa bado mfukoni.

MGB ilitengenezwa kuanzia 1962 hadi 1980, na haina chesisi iliyo peke yake. Bodi ndiyo chesisi. Nguvu yake kubwa, hasa kwenye gari la wazi lisilo na paa la chuma, iko katika yale maboksi marefu yanayopita chini ya milango. Yana tabaka kadhaa kwa ndani na yanaingia mpaka chini ya digadi la mbele na la nyuma, na kutu huanzia humo ndani ambako macho hayafiki. Pitisha sumaku yenye kitambaa chembamba chini ya mlango: isiposhika, umekutana na puti. Kisha lala chini na bisibisi butu, ubonyeze kwa nguvu. Chuma kizima hulia, kilichooza hunyamaza na kubonyea. Mwisho inua gari kwa jeki upande mmoja, ujaribu kufungua na kufunga mlango. Mlango ukianza kugusa mahali ambapo haukuwa ukigusa, bodi inapinda. Gari kama hilo linahitaji kuchomelewa kwanza, milango ikiwa mahali pake na bodi imeegemezwa vizuri, la sivyo litakauka likiwa limepinda.

Nimewahi kusaidia kubandua digadi la faiba lililokuwa na miaka michache tu. Gereji iliyolifunga ilipaka gundi juu ya kutu na kupiga rangi. Tulipolivuta, ncha ya boksi ilitoka nalo, magamba mekundu yakamwagika sakafuni kama majani ya chai. Mwenye gari alikuwa akimpeleka mwanawe shule kila asubuhi kwa gari hilo.

Wenye Triumph Spitfire, gari jingine dogo la michezo la Kiingereza, wasijione wamepona kwa sababu lao lina chesisi. Mikono inayoshikilia ekseli ya nyuma imefungwa kwenye bodi, na maboksi ya chini ya milango yanasaidia kulikaza gari zima.

Ringi zije kabla ya faiba. Watu wengi hufunga madigadi mapana kisha wanashangaa tairi limezama ndani kama jicho la mgonjwa. MGB nyingi zilizotoka kiwandani na ringi za spoku zina ekseli ya nyuma fupi kuliko zile za ringi za chuma, kwa hiyo vipimo vya gari la jirani havitakufaa. Funga ringi na tairi utakazotumia kweli, jaza tanki, weka mizigo ya kutosha kwenye buti ili springi zishuke, zungusha usukani hadi mwisho pande zote mbili, ndipo upime.

Mbele kazi ni nyepesi kwa kuwa madigadi ya MGB yamefungwa kwa bolti. Nyuma yamechomelewa, na huko ndiko kwenye hatari. Ukikata upinde wa nje ili tairi pana lipate nafasi, umeutenganisha na upinde wa ndani, na viwili hivyo vilikuwa vikikazana. Lazima viunganishwe tena kwa chuma, vichomelewe mfululizo na kuzibwa, ndipo faiba ije juu. Anayekuambia faiba itashikilia yenyewe, usimwachie funguo. Tanki la mafuta liko chini ya sakafu ya buti, kwa hiyo liondoe kabla grinda haijawashwa, na ondoa nyaya za betri na za altaneta kabla ya kuchomelea. Vumbi la faiba nalo halina huruma kwa mapafu. Vaa barakoa ya kweli, kitambaa hakitoshi.

Jaribu vipande vyote vikiwa vikavu, kabla ya gundi na kabla ya rangi. Vipande vya faiba mara nyingi havilingani kushoto na kulia, na muuzaji hatakubali kurudishiwa kilichokatwa. Resini ya kawaida ya poliesta haishiki chuma vizuri, tumia gundi ya epoksi au nyingine iliyotengenezwa kwa kuunganisha bodi. Hata hivyo faiba na chuma havitanuki sawa kwenye jua, na kiungo kilicholainishwa kwa puti huja kuonyesha ufa. Mimi huchagua bolti na ukanda wa mpira kila panapowezekana. Mstari utaonekana, lakini baada ya miaka mitano utaweza kufungua na kutazama ndani.

Jambo moja linalosahaulika sana ni taa. Kwenye chuma taa hupata ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri, kupitia bodi, lakini faiba haipitishi umeme. Kila taa itakayokaa kwenye faiba ivutiwe waya wake wa ethi mpaka kwenye chuma kisafi.

Bima iarifiwe kabla ya kazi kuanza. Uingereza gari lililotimiza miaka 40 husamehewa ukaguzi wa kila mwaka endapo halijabadilishwa kwa kiasi kikubwa ndani ya miaka 30 iliyopita, basi piga picha kila hatua, hasa pale unapokata. Madigadi ya awali yapake mafuta, yafunge kwa blanketi, yaweke darini yakiwa yamesimama.