Kubadili sili za shokapu za mbele nyumbani bila zana maalumu

Somo hili ni la shokapu za kawaida za pikipiki, zile ambazo bomba la kromu liko juu na ganda la alumini liko chini. Zile zilizopinduliwa zina utaratibu wake, hazimo humu.

Kabla hujanunua chochote, futa kromu likauke, kisha pitisha ukucha kutoka chini kwenda juu, pande zote, hasa upande wa mbele unaopigwa na vijiwe. Ukucha ukikwama mahali, hapo ndipo tatizo lilipoanzia. Sili ni pete inayozuia oili isitoke pembeni ya bomba. Mdomo wake ni mpira laini, na kila shokapu inapobonyea, kile kidonda cha kutu kinaukwangua. Wengi hulaumu sili, wakafunga mpya, na muda si mrefu oili inachuruzika tena. Kazi kubwa iko kwenye bomba, nawaomba mlizingatie hilo kuliko jambo lingine lolote humu.

Kama kromu ni laini na uvujaji ni mdogo, jaribu kusafisha kwanza. Inua kifuniko cha vumbi kwa bisibisi bapa. Kata ukanda mwembamba wa plastiki ya chupa, uuchonge kandoni ndoano ndogo, uingize kati ya bomba na sili, uzungushe bomba zima, kisha uvute. Mara nyingi hutoka na mchanga mweusi. Bonyeza shokapu mara kadhaa, futa, angalia. Ikiendelea kuvuja, twende kazini.

Hatua ya 1: Legeza kabla ya kuvua. Pikipiki ikiwa bado imesimama kwa tairi zake, legeza bolti za kibano cha juu cha usukani, kisha legeza kidogo kifuniko cha juu cha shokapu. Usikifungue. Ukishaivua shokapu utakosa pa kuishikia.

Sasa weka gogo au kreti imara chini ya injini, funga pikipiki kwa kamba isiyumbe, uvue tairi ya mbele. Kalipa ya breki itundike kwa waya, isining'inie kwa mpira wake, na katikati ya pedi weka kipande cha mbao ili mtu akigusa breki pistoni zisitoke. Shokapu zikiwa bado zimebanwa juu, legeza ile bolti ya alenki iliyo chini kabisa ya ganda. Mwenzako alisukume ganda juu ili springi iikandamize fimbo ya ndani isizunguke.

Hatua ya 2: Vua na umwage oili. Toa shokapu moja moja, ili nyingine ibaki kukuonyesha mpangilio. Springi imebanwa chini ya kifuniko cha juu, kwa hiyo kifunike kwa kitambaa, weka uso pembeni, na ukifika uzi wa mwisho kikandamize kwa uzito wa mkono. Geuza kwenye ndoo, pampu hadi ikauke.

Hatua ya 3: Tenganisha. Toa bolti ya chini, kifuniko cha vumbi, na pete ya waya inayoizuia sili. Kama shokapu yako ina bushi mbili (pete ambazo bomba hutelezea), vuta bomba kwa nguvu ya ghafla mara kadhaa kama nyundo ya kuvuta, sili itatoka yenyewe. Kama haina, bomba litatoka peke yake na sili itabaki kwenye ganda. Ing'oe kwa bisibisi kubwa iliyoegemea kipande cha mbao. Alumini ikichubuka mahali sili inapokaa, oili itapita nyuma ya sili mpya.

Hatua ya 4: Bomba. Tumia msasa wa maji namba 1000, kisha 2000, ukiulowesha oili. Sugua kwa kuzunguka bomba, usisugue juu-chini, maana mkwaruzo wa wima ni mfereji wa kuipitisha oili chini ya mdomo wa sili. Shimo dogo lijaze gundi ya epoksi, ikikauka uisawazishe. Kromu ikiwa imebanduka sehemu inayopita kwenye sili, au bomba limepinda, usijidanganye, badili bomba.

Hatua ya 5: Sili mpya. Vika ncha ya chini ya bomba mfuko mwepesi wa plastiki, upake oili ya shokapu, kisha teremsha kwa mpangilio huu: kifuniko cha vumbi, pete ya waya, sili, wosha yake, bushi. Upande wa sili wenye springi nyembamba utazame chini kwenye oili. Rudisha bomba kwenye ganda, ufunge bolti ya chini kwa wosha mpya ya shaba.

Zana ya kugongea ni kipande cha bomba la plastiki linalopita kwenye kromu bila kubana na lisilozidi upana wa sili. Juu ya sili mpya weka ile ya zamani, iliyokatwa sehemu moja ili itoke kirahisi, ugonge taratibu kwa kuzunguka. Sikiliza: sauti inakuwa butu, halafu ghafla inakuwa kavu na ngumu. Hapo imekaa. Mfereji wa pete ya waya lazima uonekane wote.

Hatua ya 6: Oili. Fuata kiasi na uzito (yaani unene wa oili) vilivyo kwenye kitabu cha pikipiki yako. Pampu polepole kutoa hewa, kisha pima kutoka mdomo wa bomba hadi oili, bomba likiwa limebonyea hadi mwisho na springi ikiwa nje. Sirinji yenye mpira uliotiwa alama inatosha kunyonya ziada. Pande zote mbili zilingane. Ukirudisha tairi, kaza ekseli, bonyeza mbele mara kadhaa, ndipo ukaze bolti ndogo inayoibana, ili shokapu zisikwame kwa kupinda.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, inavuja upande mmoja tu. Nibadili zote?*
Ndiyo, ndugu. Sili zina umri mmoja, na oili mpya upande mmoja na chakavu upande wa pili hufanya shokapu zifanye kazi tofauti.

*Bolti ya chini inazunguka na fimbo yake, nimekwama.*
Rudisha springi na kifuniko, msaidizi akandamize, ujaribu tena. Ikigoma, chonga ncha ya mpini wa fagio, uushindilie kutoka juu kwenye kichwa cha fimbo, aushike huku wewe ukifungua.

*Oili ya injini inafaa?*
Hapana. Uzito wake hauhesabiwi kwa kipimo kilekile, na shokapu inaweza kuwa ngumu kupita kiasi. Baadhi ya pikipiki za zamani ziliandikiwa oili ya giaboksi otomatiki. Kama kitabu chako kinasema hivyo, itumie.

*Nitajuaje saizi ya sili?*
Soma namba zilizo kwenye sili ya zamani. 41 54 11 maana yake kipenyo cha ndani, cha nje na unene, kwa milimita.

*Oili imefika kwenye pedi za breki. Nizioshe kwa petroli?*
Usifanye hivyo, ndugu yangu. Pedi zilizonyonya oili badili zote, na diski isafishe kwa dawa ya kusafishia breki hadi kitambaa cheupe kitoke cheupe. Usiiendeshe kabla ya hapo hata mtaani.