Nyumba mpya Njombe au Makete: panga joto kabla ya kuchimba msingi

Wenye nyumba wengi wa huku juu huniita kuzungumzia baridi wakati bati limeshapigwa. Kwa anayetaka meko yenye dohani, yaani njia ya kutolea moshi juu ya paa, hapo tumechelewa: dohani inahitaji msingi wake, na paa likishaezekwa, kulitoboa ni kukaribisha uvujaji. Ramani ikiwa bado mezani, fuata mpangilio huu.

Hatua ya 1: Anza na jua. Juni na Julai, baridi inapouma, jua letu hupita upande wa kaskazini. Sebule na chumba cha wazee viweke huko, na madirisha yake yawe makubwa. Stoo na choo vikae kusini. Hili halina gharama yoyote.

Hatua ya 2: Piga siling kabla ya kununua kifaa chochote. Bati tupu hupoteza joto usiku kucha, na asubuhi linadondosha maji kitandani.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya umeme. Hita ya wati 2,000 ikiwaka mfululizo saa 4 kila jioni inakula uniti 8, yaani uniti 240 kwa siku 30. Zidisha kwa bei unayolipia LUKU. Kwangu mimi, hita inafaa chumba kimoja tu, cha mtoto mchanga au mgonjwa. Maji ya kuoga yaachie mtambo wa jua.

Hatua ya 4: Chagua kati ya meko ya wazi na jiko la chuma lenye mlango. Meko inapendeza, lakini joto lake jingi hupanda na moshi. Jiko la chuma linatumia kuni chache na huendelea kutoa joto baada ya moto kufifia. Kwa familia inayokaa humo mwaka mzima, ndilo ninalolipendekeza. Vyovyote utakavyochagua, choma kuni za miti ya miwati, zilizopasuliwa na kukauka vizuri. Paini mbichi ina utomvu, na masizi yake hugandamana ndani ya dohani hadi siku moja yanashika moto.

Jiko la mkaa usiliingize chumba cha kulala, hata kwa dakika chache za kuotea. Hewa yake ya kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na inaua watu wakiwa usingizini. Ni jambo nisilokubali kujadiliana na mteja.

Hatua ya 5: Jenga dohani kwenye ukuta wa ndani, ili tofali zake zipashe vyumba viwili. Tundu la moshi liwe kama sehemu moja ya kumi ya mdomo wa meko: mdomo wa sentimita 75 kwa 70 unahitaji tundu la 23 kwa 23. Juu, dohani ipite paa kwa sentimita 90 pale inapotokea, na izidi kwa sentimita 60 kitu chochote kilicho ndani ya mita 3. Mbao za kenchi, yaani fremu inayobeba paa, zikae mbali nayo sentimita 5 au zaidi. Kwenye kikasha cha moto tumia tofali za kuchoma na udongo wa kichuguu. Saruji hupasuka kwa joto.

Kabla ya plasta, washa gazeti ndani ya meko, milango na madirisha yakiwa yamefungwa. Moshi ukirudi sebuleni, fungua dirisha kidogo. Ukiacha kurudi, chumba kinakosa hewa: toboa tundu la hewa karibu na meko. Ukiendelea kurudi, punguza urefu wa mdomo kwa kozi (mstari) moja ya tofali, kisha jaribu tena.